Suti ya Mzee Didas, S.L.P. 412

Jumanne moja saa kumi na moja jioni, Gaudiosa alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga boksi kwa selotepu pana ya kahawia, ndipo mlango ukagongwa mara tatu, taratibu, jinsi wanavyogonga watu waliostaafu serikalini. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tisa katika jengo moja la Xiaobei, mjini Guangzhou. Ulikuwa mwaka 2007, na lifti ilikuwa mbovu tangu Ijumaa. Nje alisimama mzee mrefu mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi, viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vizuri, na juu fulana nyeupe ya ndani iliyotoboka kwapani. Hakuwa akihema.

Gaudiosa akakunja magoti kidogo, kama alivyofundishwa kwao Kagera, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Mimi ndiye Didas wa Muleba. Nimekuja kuulizia suti yangu."

Hawakuwahi kuonana, lakini Gaudiosa alimtambua. Kifua inchi arobaini, kiuno thelathini na nne, mikono mirefu kuliko kawaida. Wateja wake wa mtandaoni aliwajua hivyo tu, kwa vipimo, na vipimo vya huyu vilikuwa vimesimama mlangoni. Alikuwa amesikia vilevile, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Bukoba aliyekuja kununua simu, kwamba mzee huyo alifariki na kuzikwa karibu wiki tatu nyuma. Akampa pole. Mzee akajibu kwamba ameshapoa. Akapewa stuli, maana viti vyote viwili vilikuwa vimebeba majora ya kitambaa.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kuelezeka. Mteja alichagua suti kwenye picha, akatuma vipimo. Gaudiosa akanunua kitambaa soko la Zhongda, akakipeleka kwa fundi wa uchochoroni nyuma ya soko, suti ikashonwa, ikatumwa. Yote hayo yalipitia tovuti moja ambayo miaka ile kila mtu aliisema vizuri. Juu kabisa ya ukurasa wake palichorwa mwavuli wa rangi ya chungwa, na chini ya mwavuli paliandikwa: Mnunuzi analindwa. Muuzaji analindwa. Kuhusu mzigo wenyewe mwavuli haukusema kitu, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mzee Didas alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na minane. Alipostaafu na kuona barua zimehamia kwenye kompyuta, alizifuata huko huko. Kila Alhamisi alikwenda kwenye kibanda cha intaneti pale Muleba, akalipia nusu saa, akaandika kwa kidole kimoja bila kosa la tahajia. Ndiko alikoiona suti ya bluu iliyokolea, ya vifungo viwili. Akaiagiza, akangoja siku hamsini na mbili. Siku ya hamsini na tatu akafa, kwa moyo, mchana, bila kumsumbua mtu.

"Na hiyo fulana, baba?" Gaudiosa aliuliza.

Mzee akaeleza bila kinyongo. Kwa kuwa suti haikuwa imefika, mwanawe Revocatus alikwenda kuazima koti, shati na tai kwa jirani yao, mwalimu Josphat. Alivikwa, akalazwa, watu wakapita kumuaga, na wote walisema amependeza. Kabla jeneza halijafungwa mwalimu aliomba vitu vyake kwa adabu, kwani Jumamosi alikuwa na harusi. Suruali aliachiwa kwa sababu ilikuwa yake, ya sare ya posta, na isitoshe suruali ya maiti haionekani.

"Lilikuwa koti la watu," alisema. "Mtu ana haki na koti lake. Ila mimi sasa nitakwendaje kwa Felisia na fulana?"

Felisia alikuwa mkewe, aliyemtangulia kwa miaka sita. Walifunga ndoa mwaka 1961, bwana harusi akiwa na koti la kuazima, na mwenye koti alimvua pale pale kwenye ngazi za kanisa, kabla ya chakula. Felisia alicheka siku hiyo na akaendelea kucheka kwa miaka arobaini. Lakini alipokuwa mgonjwa kitandani alimwambia kwamba mara ijayo watakapokutana aje na koti lake mwenyewe, na safari hiyo hakucheka. Suti iliagizwa kwa ajili hiyo tu. Baada ya mazishi Mzee Didas alifika karibu kabisa na mahali anapongojewa, akamwona mkewe kwa mbali amekaa anamenya ndizi, akageuka kabla hajaonwa. Aliona aibu. Ndipo akaja Guangzhou kufuatilia.

Loyce alirudi kutoka chuoni saa kumi na mbili. Alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari kwa ufadhili wa serikali, na chumba walikipanga pamoja. Alimwamkia mgeni, akasikiliza habari zake, akampima presha kwa kuwa ndilo zoezi walilopewa wiki hiyo. Ilisoma sifuri juu ya sifuri. Akaandika kwenye daftari, kisha akauliza kama mzee anatumia sukari kwenye chai. Mzee alisema vijiko vitatu, kwani sasa hakuna wa kumkataza.

Wakafungua kompyuta. Nambari ya kufuatilia ilionyesha safari yote ya mzigo: kwanza uwanja wa ndege wa Baiyun, kisha mji mmoja wa Marekani, na mwishowe mstari mfupi uliosema umewasilishwa, S.L.P., umesainiwa. Mzee alivaa miwani yake, akasoma mara moja tu.

"Hiyo si Muleba," akasema.

Kwenye fomu ya kuagizia, mahali palipotaka mtaa na nambari ya nyumba, alikuwa ameandika alichoandika maisha yake yote, yaani S.L.P. 412, Muleba. Angeandika nini kingine? Kwetu mtu hana nambari ya nyumba, ana sanduku la posta, tena akiwa mtu wa maana. Gaudiosa aliinakili anuani ile juu ya boksi bila kuitilia shaka, kwa sababu hata kwao ni S.L.P. 88. Lakini mashine ya kupanga mizigo ilijua S.L.P. nyingine, jimbo la San Luis Potosí nchini Meksiko, ambalo wenyewe hulifupisha hivyo hivyo. Ikaona 412 ni nyumba, Muleba ni mtaa, na neno Tanzania la mwishoni ikalichukulia kuwa jina la ukoo. Huko mtu alipokea suti na kusaini. Sahihi yake ilikuwa nzuri, mzee alikiri, ya mtu aliyesoma.

Tovuti ilikuwa na dirisha la mazungumzo kwa ajili ya ulinzi, na dirishani alikuwepo Teddy. Teddy alikuwa binti wa Kichina aliyejichagulia jina hilo kazini, na kila mteja alimwita qin, yaani mpenzi, kama alivyoagizwa na wakubwa wake. Gaudiosa akamwandikia kwamba mzigo umepotea. Teddy akajibu upesi, kwa bashasha, kwamba haujapotea, umewasilishwa na kusainiwa, kwa hiyo muuzaji amelindwa, hongera. Gaudiosa akaandika kwamba haombi kulindwa yeye. Mnunuzi wake ndiye hakupata kitu. Teddy akajibu kwamba mnunuzi naye amelindwa. Alipewa siku arobaini na tano za kulalamika, na ndani ya siku hizo hakulalamika. Alisifu.

Ilikuwa kweli. Siku ya thelathini tovuti ilimtumia mzee fomu ikimwuliza habari za ununuzi wake, na mtu akiulizwa habari hujibu nzuri. Aliandika: Nzuri, nashukuru, natumaini nanyi huko hamjambo, ila suti haijafika. Mashine ilisoma mpaka kwenye ila, ikaona inatosha, ikampa Gaudiosa nyota tano. Gaudiosa alizikumbuka nyota zile. Siku ile alijinunulia soda.

"Kwa nini hukuanza na ila, baba?" Loyce aliuliza.

"Kwa watu nisiowajua?" mzee akasema.

Teddy alieleza kwamba lalamiko linaweza kufutwa lakini sifa haiwezi. Labda mnunuzi mwenyewe athibitishe kwamba yupo, kwa picha inayomwonyesha ameshika kitambulisho na gazeti la siku hiyo. Kitambulisho cha mstaafu kilikuwemo mfukoni mwa kaki, gazeti akalileta Loyce, naye ndiye aliyempiga mzee picha kwa simu yake. Picha ilitoka na stuli, gazeti limefunguka hewani, na kitambulisho kando yake. Wakaituma hivyo hivyo. Teddy aliikagua dakika tano, akajibu kwamba gazeti ni sahihi na picha haina ukungu, ila kitambulisho kimepitwa na muda. Mei banfa, akamalizia. Ni maneno ambayo mgeni wa mji ule huyajua kabla hajajua kuomba maji: hakuna la kufanya.

Basi mzee akakaa. Hakulala wala hakuoga, kwa hiyo mama mwenye nyumba, aliyehesabu watu kwa bili ya maji, hakusema neno. Kutwa alimsaidia Gaudiosa kuandika anuani kwa mwandiko wake wa kaunta, na kila S.L.P. aliiandika kwa kirefu, Sanduku la Posta, herufi kwa herufi. Mizigo ya wiki ile baadaye ilifika yote. Alhamisi polisi walipita kukagua pasipoti, kama walivyozoea kwenye majengo wanayopanga Waafrika, na jirani yao Kamande, Mkenya wa chumba cha pili, akashuka kwa ngazi za nyuma akiwa na kandambili mguu mmoja. Mzee alitoa mfukoni kibali chake cha mazishi chenye mihuri mitatu. Askari alikigeuzageuza, akaitazama mihuri kwenye mwanga, akamrudishia. Ilikuwa hati pekee katika ghorofa ile isiyo na tarehe ya kwisha.

Ijumaa Gaudiosa alichoka kumwona na fulana. Alimpeleka kwa yule fundi wa uchochoroni, ambaye humwita kila Mwafrika pengyou, rafiki, na humpima mtu bila kumtazama usoni. Fundi alizungusha futi yake kifuani, akasema sasa ni thelathini na nane, rafiki amepungua. Gaudiosa akatafsiri. Mzee akasema ni kawaida.

Suti ilikuwa tayari Jumapili. Mzee aliivaa mbele ya kioo cha kabati, akafunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena. Alipendeza kweli, na safari hii aliyesema hivyo hakuwa akisubiri koti. Gaudiosa alilia kidogo kwa furaha na hakujificha. Mzee akaaga, akavuka kizingiti, na suti ikabaki. Ilisimama kidogo mlangoni ikiwa na umbo lake, kisha ikaanguka sakafuni, na mwenyewe akawa nje koridoni na fulana na kaki.

Alirudi ndani, akaikunja suti akifuata mistari ya pasi. Alipaswa kukumbuka, alisema. Huko anakokwenda mtu huvuka na vitu vya aina mbili tu, alivyozikwa navyo na vilivyotumwa kwa jina lake, kwenye anuani yake mwenyewe, akavipokea kwa sahihi. Cha kupewa mkononi hakivuki. Hakuulaumu utaratibu huo. Naye kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kumpa mtu mzigo bila sahihi, hata paroko.

"Basi tuitume," Gaudiosa akasema.

"Tuitume," mzee akasema. "Kwa anuani gani?"

Alipo Felisia hapakuwa na mtaa wala nambari. Mzee alikuwa na anuani moja tu, na ufunguo wake ulibaki kwa Revocatus. Akaiandika mwenyewe juu ya boksi: Didas, Sanduku la Posta 412, Muleba, Tanzania, Afrika. Afrika akaipigia mistari miwili. Yeye angetangulia nyumbani na kungoja pembeni ya masanduku. Mzigo ukifika angesaini pale pale, kalamu anayo. Loyce akauliza kama watu wa nyumbani hawatashtuka kumwona. Mzee alisema hawamwoni. "Wao wameshanizika, wamemaliza," alisema. "Ninyi hamkunizika." Akamshika Gaudiosa mkono kwa mikono yake yote miwili, ya baridi kidogo tu, akashuka ngazi.

Ndani ya boksi Gaudiosa aliweka kikadi chake cha kawaida, kile kinachomwomba mteja aingie kwenye tovuti aseme habari za mzigo wake. Aliweka kwa mazoea. Hakuna mzigo uliotoka chumba kile bila kikadi.

Siku kumi na sita baadaye mstari ukabadilika: umewasilishwa, Muleba, umesainiwa. Gaudiosa na Loyce walikumbatiana, wakanunua kuku mzima. Wakati wa kula walikuwa wakibishana kama Felisia alianza kucheka au alianza kulia, na Loyce alishikilia kwamba alimgeuza kwanza mumewe aone mshono wa mgongoni.

Kesho yake habari za mteja zikaingia, na nyota tano. Chini ya nyota paliandikwa: Nzuri, nashukuru sana, imenikaa utadhani nilipimwa mimi, nimeivaa kwenye misa ya arobaini ya baba na watu wote wamesifu, ila. Hapo mashine ilikuwa imetosheka.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa mara tatu. Fulana ilikuwa ile ile, na tundu la kwapani limepanuka kidogo.

Mzee alisimulia akiwa kwenye stuli. Alisimama pembeni ya masanduku siku zote kumi na sita. Revocatus alikuja na ufunguo, akatoa kikaratasi cha mzigo, akaenda kaunta, akasaini. Mzee naye alisaini, juu kidogo ya sahihi ya mwanawe, lakini kalamu haikuandika. Akamfuata mpaka nyumbani. Revocatus alifungua boksi mezani, akaona jina la baba yake, akalia na uso wake ndani ya koti lile. Alilia muda mrefu. Kisha akalijaribu.

"Ungemzuia, baba," Loyce alisema. "Hata kwa ndoto."

"Ningemwambia nini? Mtu wa miaka arobaini na moja, hajawahi kuvaa koti lake. Ndiyo maana alikwenda kuniazimia." Mzee alikoroga chai yake. "Limemkaa. Mabega ni yangu yale. Lakini nimeumia, sifichi. Nimepita tena karibu na Felisia. Ndizi amemaliza kumenya, ameshazibandika."

Gaudiosa akasema atashona nyingine, hata kesho. Mzee alimshukuru, akamweleza kwamba Revocatus ana wadogo zake wanne, na sanduku la posta wanalitumia wote. Anayemfuata ni Mikaeli, naye mabega ni hayo hayo.

Gaudiosa akafungua dirisha la mazungumzo, akamweleza Teddy yote kwa mpangilio, pamoja na habari za Felisia. Teddy alijibu kwamba amesoma kwa makini, qin. Mzigo ulifika kwenye anuani iliyoandikwa, jina la ukoo la aliyesaini linalingana na la mnunuzi, na sifa zimeshapokelewa. Muuzaji amelindwa. Mnunuzi amelindwa. Shauri limefungwa vizuri. Mwavuli wa rangi ya chungwa ukajikunjua katikati ya kioo, na chini yake ikaja fomu iliyouliza: Habari za huduma yetu leo?

Gaudiosa alimsogezea mzee kompyuta. Akamwomba, tafadhali sana baba, safari hii aanze na ila, aandike ila kwanza, mengine yafuate. Mzee alikubali. Akavaa miwani, akainua kidole juu ya vitufe, akalitazama swali. Alikuwa akiulizwa habari, tena na binti wa watu aliyekuwa kazini tangu asubuhi. Kidole kikakaa hewani muda mrefu, mpaka Loyce akageukia dirishani asikione.

Kisha mzee akaandika, polepole, bila kosa la tahajia: Nzuri, nashukuru, poleni na kazi, ila

Nyota tano zikawaka. Loyce akaenda kuongeza maji ya chai, Gaudiosa akavuta boksi jingine, na mzee akaomba kalamu ya kuandikia anuani.